Moja-Mbili na Kiti cha Mwisho

Kama umewahi kualikwa harusini katika mji ule, umekwisha kumsikia Moja-Mbili, hata kama humjui kwa sura. Ni fundi mitambo. Hufika ukumbini kabla ya wapambaji, na gari dogo lililosheheni spika, nyaya na masanduku, na huondoka meza zikiwa zimebaki uchi. Katika muda wote huo hutamka maneno mawili tu. Hushika kipaza sauti, hakipulizi wala hakigongi, maana anasema wanaopuliza maiki ni watu wasiojiamini. Husema taratibu, "Moja, mbili. Moja, mbili," kisha humpisha mwenye maneno yake.

Watu hudhani jina limetokana na kazi. Hasha. Limetokana na harusi yake mwenyewe, zamani zile bado ana nywele, alipopewa maiki awashukuru wageni. Alisimama, akaitazama maiki, akawatazama watu, na mkono uliozoea ukautuma mdomo uliozoea: "Moja, mbili. Moja, mbili." Akairudisha kwa mshereheshaji, akaketi. Ukumbi uliangua kicheko ambacho yeye hukieleza kifundi: kicheko cha kupasua spika. Mkewe, mwanamke mcheshi anayeshona mapazia, hajachoka kuwaambia wageni, "Wenzangu waliolewa kwa mashairi. Mimi niliolewa kwa hesabu, na hesabu yenyewe haikufika tatu."

Tangu siku hiyo hakusema tena mbele ya kadamnasi. Si kwamba ni bubu. Mkute na mafundi wenzake wakisubiri ukumbi ufunguliwe, ana maneno ya kula na ya kuweka akiba. Lakini mweke mbele ya watu na maiki mkononi, ulimi unageuka gogo. Wakimwambia kinyozi hajinyoi, hujibu, "Na fundi wa sauti hajisemei. Mbona hamshangai?"

Ana mtoto mmoja tu, binti anayepima watu macho katika kliniki moja ya mjini. Alipokuwa shuleni wenzake walimtania: "Baba yako kasoma mpaka mbili!" Naye alikuwa na jibu lake: "Wako hata moja hajaifikia." Binti huyo akachumbiwa, na mchumba mwenyewe akawa mwalimu wa hesabu. Mama mtu alipopata habari alikaa chini, akacheka mpaka akashika ubavu. "Hesabu zimerudi nyumbani," akasema. "Huyu angalau atatufikisha tatu."

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili binti alipoingia karakana ya baba yake, chumba cha mbele cha nyumba, kinachonuka risasi ya kulehemu na vumbi lililoungua. Redio zimepangwa hadi darini, nyingine hazina migongo. Baba alikuwa ameinamia waya.

"Baba, siku ile nataka useme wewe."

"Nitasema."

"Utasema nini?"

"Moja, mbili."

Binti akacheka, lakini hakuondoka. Akakaa juu ya sanduku la spika lililokuwa tupu.

"Sitanii, Baba. Baba Mkubwa ana maneno matamu, lakini ni maneno ya kila harusi. Nimeyasikia kwa binamu zangu wote, naweza hata kumkumbusha akisahau. Mimi nataka ya kwako. Hata yakiwa mabovu."

Fundi akaendelea kulehemu. Moshi mwembamba ukampanda usoni. "Mama," akasema, maana binti amerithi jina la bibi yake na baba hamwiti vingine, "unataka kicheko kile kirudi siku yako?"

"Na kirudi. Kwani kicheko kinaua?"

"Mwache kaka aseme. Yule alizaliwa na maiki mkononi."

Binti akainuka kwenye sanduku. "Sawa, Baba," akasema, akaenda zake.

Mtu mwingine angeishia hapo, akafurahi kwamba jambo limekwisha. Lakini yule ni fundi. Anajua waya uliokatika ndani kwa ndani huku ngozi yake nzima: ukiutazama hauna tatizo, ukiupitisha sauti ndipo unapokwaruza. Ile "sawa" ilikwaruza. Alitembea nayo sikioni wiki nzima na nyingine zilizofuata. Mara mbili alisimama mbele ya kioo cha kabati kujaribu, na mara zote mbili mkewe akapiga kelele kutoka chumba cha pili, "Tunakusikia, endelea na tatu!" Akaacha.

Kaka yake, kwa upande wake, hakuhitaji kubembelezwa. Ni dalali wa nyumba, mtu wa tai na manukato, na ukoo mzima humwita Kengele. Hotuba aliianza siku ileile aliyoombwa. Aliifanyia mazoezi bafuni, aliwafanyia wapangaji waliokwenda kuuliza habari za chumba, na inasemekana kuna mteja mmoja alichukua nyumba yenye paa linalovuja ili tu aruhusiwe kuondoka.

Likabaki la mitambo. Moja-Mbili alitaka kuifunga mwenyewe.

"Baba wa bibi harusi atambae chini ya meza?" mkewe akamuuliza. "Labda iwe suti nyingine. Si hii niliyoipiga pasi mimi."

Ndipo akaitwa Besi. Besi ni fundi mwenzake na mshindani wake wa siku nyingi, na utani wao hauna mipaka. Amelipata jina kwa kupenda mdundo mzito: katika harusi zake, vikombe hutembea mezani bila kushikwa. Siku ya shughuli alipokuwa akifunga vyombo, Moja-Mbili alimsimamia kichwani, ndani ya suti, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Mbona maiki ya majaribio umeiweka huku mwisho, kulia?"

"Kwa sababu mitambo ni yangu."

"Mimi huiweka ya kwanza kushoto. Mtu mwenye akili huanza na jaribio."

"Na mtu mwenye suti hukaa meza kuu. Nenda kwa mkeo, bwana! Usiguse vyombo vyangu."

Lazima ielezwe hapa kwamba kila fundi ana mpangilio wake wa nyaya, na mpangilio huo ni kama namna mtu anavyopanga kabati la jikoni: mwenyewe huenda gizani akashika anachotaka, mgeni huvunja sahani. Mkono wa Moja-Mbili ulikuwa umezoea kwamba kile kitufe kinachoteleza juu na chini, cha kwanza kushoto, ndicho cha maiki ya majaribio. Akimaliza kujaribu, hukishusha bila kutazama, kama mtu anavyovuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Ukumbi ulijaa mapema alasiri. Viti vya plastiki vilikuwa vimevishwa nguo nyeupe, vikaonekana kama maharusi waliokosa waume. Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya jukwaa; zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na mafagio yenyewe bado yamo. Mlango wake ni mzito, na feni za mashine humo ndani huvuma kama nyuki. Ukiufunga, husikii kinachosemwa ukumbini ila mnong'ono mzito usio na maneno. Besi alikaa humo, sikio moja likiwa ndani ya vipokea sauti vyake vya kichwani.

Muda ukafika. Mshereheshaji akatangaza neno la baba, litakalotolewa kwa niaba yake na Baba Mkubwa. Bibi harusi akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kengele akapanda, akakaza tai, akakohoa kikohozi cha kupangwa.

"Mabibi na mabwana! Ndoa ni kama..."

Piiiii! Spika zikapiga mluzi. Watu wakaziba masikio.

Kengele akasubiri, akatabasamu, akaanza upya. "Ndoa, ndugu zangu, ni kama..."

Piiiiiii!

Mpaka leo hakuna ajuaye ndoa ni kama nini. Kwa maana mluzi wa pili ulipokatika, Moja-Mbili alikuwa amekwisha ruka kutoka meza kuu, mkewe akidaka hewa pale lilipokuwa pindo la koti.

"Nani kakwambia uelekeze spika kwenye maiki?" akafoka akiingia chumba cha mitambo, mlango ukijifunga nyuma yake.

"Wapambaji wamezisogeza!" Besi alikuwa akitiririka jasho. "Wanasema zinaharibu picha."

"Lete huku."

Akapunguza hiki, akazungusha kile, akaichukua maiki ya majaribio, ile isiyo na waya, akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Mluzi ulikuwa umekufa. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe, ukakishusha kitufe cha kwanza kushoto mpaka chini kabisa. Kisha akavuta sanduku, akaketi, maiki imelala mapajani mwake.

Kwenye mitambo ya Besi, kitufe cha kwanza kushoto ni cha maiki ya jukwaani. Kwa hiyo Kengele, aliyekuwa amefungua kinywa kwa mara ya tatu, alibaki akisema na hewa, na maiki iliyokuwa hai katika ukumbi mzima ilikuwa moja tu.

Besi aliliona. Alinyoosha mkono arekebishe. Lakini mwenzake alikuwa amekwisha anza kusema, na Besi akasikia sauti hiyo ikimwingia kwenye sikio lenye kipokea sauti, safi kama maji ya mtungi. Akaurudisha mkono taratibu.

"Niache nikae hapa kidogo," Moja-Mbili alikuwa akisema. "Kule mezani nimekaa kama picha ukutani."

"Si urudi tu? Shughuli ni ya mwanao."

"Kaka anaongea. Kaka akipewa maiki, huwezi kuipata tena mpaka ukate waya."

Nje kukasikika kishindo cha kicheko, kikipenya mlango kama ngurumo ya mbali. Moja-Mbili akaguna kwa kuridhika. "Umesikia? Keshawachekesha. Ndiyo maana nikampa yeye."

Besi akajikuna kidevu ili asicheke. "Lakini binti alikuomba wewe."

"Aliniomba. Nikakataa, na naumia mpaka leo. Wewe hujui yule mtoto na mimi tumetoka wapi. Mama yake alikuwa anashona kiwandani siku za mwisho wa juma, sina pa kumwacha. Nikawa namchukua kwenye kazi. Namtandikia blanketi ndani ya sanduku la spika, analala. Muziki unapiga, kuta zinatetemeka, yeye analala! Ukizima tu, anaamka analia. Nikawa siwezi kupumzisha mitambo kwa sababu ya mtoto."

Kicheko kingine. "Leo kaka kaamka vizuri," akasema Moja-Mbili.

"Kaamka," Besi akakubali. "Endelea."

"Alipokua kidogo akawa ndiye masikio yangu. Unafika ukumbini hakuna mtu, utajuaje sauti inafika nyuma? Nikawa namtuma: mama, nenda kiti cha mwisho kabisa, kule mlangoni. Anakimbia, anakaa, miguu haifiki chini. Mimi nasema moja, mbili. Akisikia vizuri ananyoosha mkono. Asiposikia anakunja mikono kifuani, ananuna kama bosi. Watu wanasema najua maneno mawili tu. Bwana we, sikuwa nahesabu. Nilikuwa naongea na mwanangu. Mtu akikujibu kila unapomwita, maneno mengi ya nini?"

Ngurumo za nje zilikuwa zimekoma. Hakulitilia maanani.

"Na huyu bwana harusi?" Besi akauliza, kwa sauti ya mtu anayechokoza mzinga.

"Huyo nilimpima kwa sikio. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza, nilikuwa karakana, nikamsikia anaongea na fundi bomba pale nje, halafu na mke wangu, halafu na binti. Sauti ileile kwa wote. Haipandi, haishuki. Nikasema basi, huyu hana maiki mbili. Isipokuwa leo suti inambana kwapani, maskini, anakunywa soda kama roboti."

Alingoja kicheko cha kaka yake. Hakikuja. Akainua kichwa, akasikiliza. Kimya. Hata mnong'ono haukuwapo.

Hapo ufundi ukamtawala mwili wote. Ukumbi uliojaa watu na vinywaji haunyamazi. Ukinyamaza, kuna kitu kimeungua. "Umeme wa spika umekatika!" akasema, akanyanyuka na maiki mkononi. Besi akaita, "Moja, ngoja!" lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka.

Alitokea jukwaani akiangalia taa za spika. Zilikuwa zinawaka. Akazitazama kwa mashaka, akainua maiki mdomoni.

"Moja, mbili."

Sauti yake ilitoka kona zote nne, nene na safi. Na papo hapo akaelewa. Alielewa kwa namna nyuso zote zilivyokuwa zimemgeukia. Kwa namna bwana harusi alivyokuwa ameshikilia chupa ya soda bila kuthubutu kuinua mkono. Kwa namna mkewe alivyokuwa akijipangusa macho kwa kitambaa cha meza alichokikataza kisiguswe.

Kengele alikuwa bado kwenye nafasi yake, na maiki yake iliyokufa. "Tumekusikia, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake ni ya kutosha. "Yote. Na ile ya kukatwa waya pia."

Ukumbi ukalipuka. Moja-Mbili akahisi masikio yanawaka moto. Kilikuwa kicheko kilekile cha harusi yake, kimerudi kumdai. Akamnyooshea kaka yake maiki.

"Chukua, Kaka. Malizia."

Kengele akaweka mikono nyuma. Wanaomfahamu wanasema hawakuwahi kumwona akiikataa maiki, wala hawatarajii kumwona tena. "Nimejifunza hotuba mpaka wapangaji wangu wanaijua," akasema. "Lakini ningemalizia nini hapo? Sema mwenyewe."

Moja-Mbili akabaki amesimama. Ulimi ukaanza kugeuka gogo. Aliwatazama watu, na watu ni wengi, na kila uso ulikuwa unangoja kitu. Maiki ikaanza kushuka.

Ndipo bibi harusi aliposimama. Alikusanya gauni lake kwa mikono yote miwili, akashuka, akapita katikati ya meza, akazidi kwenda. Watu wakageuza shingo. Alifika nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako kwenye kiti cha mwisho alikuwa amekaa mjomba mmoja mnene, sahani imemjaa mapajani.

"Mjomba, naomba hicho kiti."

"Hiki? Mbona viti vipo vingi?"

"Hiki ndicho changu."

Mjomba akaondoka na sahani yake, akisindikizwa kwa makofi. Bibi harusi akaketi. Akakunja mikono kifuani, akanuna kama bosi.

Pale jukwaani kitu kikafunguka. Ukumbi uliokuwa umejaa ukawa, machoni pa baba yule, mtupu kabisa, wa asubuhi, viti vimepangwa na hakuna mtu ila mmoja.

"Moja, mbili," akasema.

Mkono wa binti, kule mlangoni, ukanyooka.

"Mama, unasikia?"

Mkono ukanyooka tena, juu zaidi.

"Nilikuwa nakutuma mbali ili nijue kama sauti yangu inafika," akasema. Hakujua neno linalofuata litatoka wapi, akagundua kwamba hakuna haja ya kujua; lilikuja lenyewe. "Leo unakwenda mbali kweli. Sitabadilisha kazi. Nitakuwa naita, wewe nyoosha mkono. Siku usiponyoosha nitajua hujasikia, nitakuja na spika zote, na nitamleta Besi."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikampita bila kumchoma. Akashangaa. Akakisikiliza kama anavyosikiliza spika mpya, akakiona hakina kasoro.

"Wageni wetu, asanteni kwa kuja. Neno hili nilikuwa nadaiwa na harusi nyingine, ya zamani, kwa hiyo waliokuwapo siku ile walipokee pia." Akamgeukia bwana harusi. "Na wewe mwalimu. Mama mkwe wako ananidai hesabu miaka yote hii. Moja ni yeye mwenyewe. Mbili ni yule kule mlangoni. Sikuwahi kuendelea kwa sababu sikuwa na cha kuhesabu. Tatu ni wewe, mwanangu. Karibu nyumbani. Na legeza hilo koti."

Aliyeruka wa kwanza ni mkewe. "Amefika tatu!" akapaza, mikono juu, kwa sauti isiyohitaji mtambo wowote. "Jamani, mume wangu amefika tatu!" Vigelegele vikaruka kutoka meza moja hadi nyingine. Bwana harusi akavua koti. Na yule aliyekuwa kiti cha mwisho alikuwa anakuja mbio, gauni mkononi kama mtoto anayekimbia kwenye sakafu tupu, baba yake amefungua mikono na maiki bado imo, ikinasa kila kitu, mpaka ule mgongano wa vifua ukasikika ukumbi mzima kama ngoma moja.

Besi aliliona kuwa ndilo la kufungia. Akapandisha muziki, na mdundo wake ule ukaingia chini ya meza, na vikombe vikaanza kutembea.

"Amezidisha," Moja-Mbili akasema juu ya bega la binti yake, akikunja uso. "Atapasua. Ngoja nikamshushie kidogo tu..."

Akageuka kuelekea chumba cha mitambo. Safari hii mkewe aliliwahi pindo la koti.